Dai la Kwanza la Nakiete

Kabla mtu hajalifungia jambo lake ndani ya maandishi ili asiguswe na mwingine, na akae kwanza asikilize yaliyowapata watu wa Kirangare, huko milimani Upare, mwaka ule ambao sare ya kwaya ilipoteza maua yake. Hasa kama ana mtoto. Hasa kama ni mzazi mwenye hofu, maana hofu ya mzazi ndiyo iliyoshika kalamu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya mazoezi. Wanawake kumi na wanane walikuwa wamesimama kanisani na vitenge vyao vya kijani vyenye maua ya njano, wanaimba. Elinaja alikuwa mstari wa nyuma, sauti ya pili. Saa nne kamili, katikati ya ubeti wa tatu, maua yakaanza kufifia. Yalififia taratibu, moja baada ya jingine, kuanzia pindo kwenda juu, mpaka kijani nacho kikaondoka na kwaya nzima ikabaki na nguo nyeupe kama mashuka ya zahanati.

"Nani tena kasajili?" aliuliza Mama Kajiru bila kuacha kupiga makofi. Mtoto wake Kajiru alikuwa mgongoni, amelala.

Mwalimu wa kwaya akatazama simu yake. "Ua la njano, petali tano, juu ya kijani. Mtu wa mjini. Limepita sasa hivi."

"Petali tano," alisema Mama Kajiru. "Basi na maua ya pale nje tuyapake chokaa kabla hawajaja kuyadai."

Wakacheka, wakaendelea kuimba wakiwa weupe. Wangefanyaje? Nguo zote za dukani miaka hiyo zilifumwa kwa nyuzi hai, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuliko pamba, na ndani ya kila uzi, kama ndani ya kila jiko na kila pampu ya maji, walikaa Walinzi wa Masijala ya Uvumbuzi. Hawakuwa watu. Ukivumbua kitu, uliandika dai lako, yaani sentensi inayosema kitu changu ni hiki, kinaanzia hapa na kuishia hapa. Masijala ikilikubali ulipewa hataza, na tangu dakika ile Walinzi walizuia kila kilichoingia ndani ya sentensi yako, popote kilipo. Hapakuwa na mahakama wala polisi. Jiko lilizimika. Rangi iliondoka. Kama kilichoiba ni kitambaa cha kufungia, nyuzi zake zililainika mpaka fundo lisishike.

Walinzi hawakuwa na ubaya, wala huruma hawakuwa nayo. Walisoma maneno tu.

Elinaja alicheka na wenzake, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa na kitu nyumbani, ndani ya sanduku chini ya kitanda cha binti yake, ambacho bado hakikuwa na sentensi.

*

Binti yake aliitwa Nakiete. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa nyuzi, na kwa miaka miwili alikuwa amejifungia chumba cha nyuma ya jiko na mtambo wa kufumia wa mkono. Mama yake alikuwa akimpitishia chai dirishani na kumuuliza kama amekula, na akishajibiwa kuwa amekula alimuuliza tena, kwa sababu jibu la kwanza la Nakiete kuhusu chakula halikuwa la kuaminika.

Kilichotoka chumbani humo kilikuwa mbeleko. Ukiitazama ni mbeleko ya kawaida, ya rangi ya kahawia. Lakini mtoto akifungwa nayo mgongoni, nyuzi zake zilisikiliza kifua chake na kuhesabu pumzi. Pumzi zikianza kukimbia, zile za kichomi ambazo huanza kimyakimya huku mtoto bado anacheka, mbeleko ilimbana mama bega, mara mbili, kama mtu anayekuita pembeni. Walishaijaribu kwa watoto sita, na wawili kati yao waliwahishwa zahanati siku mbili kabla mtu yeyote hajasikia kikohozi.

Kosa la kwanza lilikuwa la Elinaja, na alilijua. Wiki iliyotangulia walikuja wageni wawili wa kampuni moja kubwa ya vifaa vya watoto, mwanamume na mwanamke, viatu vyao safi kabisa. Walisema wamesikia habari. Nakiete hakuwepo. Elinaja akawakaribisha, akawapa chai na viazi vya kuchemsha, na walipoulizia akaenda akavuta sanduku, akaitandika mbeleko mezani na kuwaeleza mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mgeni akikuulizia habari za mwanao utanyamazaje?

"Shemeji," alisema Mrutu siku alipofika kutoka Same, "wewe hata ukipewa siri ya jeshi utawatolea wageni pamoja na chumvi."

Mrutu alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Elinaja, na kazi yake ilikuwa kuandika madai ya watu. Alikuwa mnene, mcheshi, na alitembea na mfuko wa karanga ambazo hakumpa mtu mpaka aombwe.

"Nilidhani ni wageni," alisema Elinaja.

"Ni wageni. Na Jumatano saa sita mchana, Masijala itakapokaa kusikiliza maombi, watakuwa wageni wenye mbeleko."

Nakiete hakumlaumu mama yake. Alikaa karibu naye, akamwegemea begani, akasema, "Baba mdogo, muache. Tuandike tu."

Kule kutolaumiwa ndiko kulikomuumiza Elinaja. Angalau angegombezwa. Akavuta kigoda mpaka mbele ya Mrutu. "Andika, shemeji. Andika pana. Andika mpaka wakizunguka wasione pa kupenyea."

*

Waliandika Jumapili mchana baada ya ibada, mezani, madirisha wazi.

Nakiete alikuja na sentensi yake mwenyewe. Ilikuwa ndefu na imejaa mambo aliyoyahangaikia: *Mbeleko iliyofumwa kwa nyuzi tatu za fedha, zinazohesabu pumzi za mtoto kwa dakika, na kumbana mbebaji bega la kulia mara mbili.*

Mrutu aliisoma huku anatafuna. "Nzuri. Sasa mimi ndiye mwizi. Nyuzi za fedha, umesema. Mimi natumia shaba. Nimekuibia?"

"Umeniibia."

"Sijakuibia. Dai linasema fedha. Futa fedha. Umesema tatu. Mimi naweka nne. Futa. Bega la kulia. Mimi la kushoto. Futa bega. Kubana. Mimi nafinya, nawasha taa, napiga kengele. Futa. Kila neno unaloliweka hapa ni mlango unaomfungulia mtu. Watu hudhani dai lenye maneno mengi ndilo lenye nguvu. Ni kinyume."

Elinaja alikuwa ameishia darasa la saba, na karatasi za kiofisi zilikuwa zikimtoa jasho. Lakini hili alilielewa upesi, na likampendeza. Ilikuwa kama kupalilia. Unang'oa neno, shamba linapanuka. Akaanza naye kusaidia.

"Hapo, 'nyuzi'," alisema. "Wakitumia kitu kingine kisicho uzi?"

"Shemeji wewe ungekuwa wakili mbaya sana," alisema Mrutu kwa furaha. "Futa."

"Na 'kuhesabu'. Wakisema yao haihesabu, inasikia tu?"

"Futa."

Mpaka saa kumi palikuwa pamebaki hivi: *Njia ya kutambua ugonjwa wa mtoto, ambapo mtoto amefungwa kwa kitambaa kwenye mwili wa mbebaji, na mbebaji anaashiriwa mabadiliko ya pumzi ya mtoto kupitia kitambaa hicho.*

Mrutu aliisoma mara mbili. Aliacha kutafuna. "Hii ni pana, jamani. Mkaguzi wa Masijala hukataa jambo ambalo tayari linajulikana. Lakini yeye huangalia yaliyoandikwa tu, na hili sijaona limeandikwa mahali. Kuna mtu mnayemjua aliyekwisha kulifanya?"

Wote watatu walifikiri kwa dhati. Wakasema hapana.

Na hapo ndipo penye onyo lenyewe, msomaji. Hakuna aliyedanganya. Nakiete aliwaza mafundi wenzake. Mrutu aliwaza vitabu vya Masijala. Elinaja aliwaza viwanda. Mwanamke huyu alikuwa amebeba watoto wanne mgongoni, akawaponya kwa mgongo huo, na alipoulizwa nani anajua jambo hili aliwaza viwanda.

*

Masijala iliruhusu jaribio. Kabla ya kupeleka ombi uliweza kulitangaza dai lako kwa saa moja ndani ya kijiji chako tu, ili uone litagusa nini. Walilianzisha Jumatatu saa tatu asubuhi. Nakiete na Mrutu walibaki mezani na kioo cha kupelekea maombi Masijala. Elinaja alitoka uani kuosha tangawizi za kupeleka gulioni.

Mama Kajiru alikuwa akipanda njia, kikapu mkononi, mtoto mgongoni amefungwa kitenge cha dukani, kipya.

"Umeamkaje, Mama Nakiete?"

"Salama. Kajiru hajambo?"

"Mafua tu." Kisha akasimama. Aligeuza kichwa kidogo upande wa bega kama mtu aliyeitwa kwa sauti ndogo, akanyamaza. Mkono wake ukaenda nyuma ukamshika mtoto ubavuni. "Hapana," alisema. "Leo kifua chake hakijakaa vizuri. Anahema juujuu."

Mtoto alikuwepo, kitambaa kilikuwepo, pumzi imepita kwenye kitambaa ikamfikia mama, na mama amesimama. Maneno yote ya sentensi yalikuwa yametimia.

Elinaja aliona fundo kifuani mwa Mama Kajiru likisogea. Lilisogea kama samaki anayeteleza mkononi, bila haraka. Alitupa beseni. Alifika wakati kitenge kinaachia na Kajiru anashuka kichwa mbele, akamdaka kwa mikono yenye matope ya tangawizi, akakaa chini naye pale pale.

Kajiru alishtuka, akalia, kisha akakohoa. Alikuwa mzima.

Mama Kajiru alimchukua mwanawe, akajaribu kumfunga upya. Fundo likateleza. Akajaribu tena. "Kitenge nimekinunua juzi," alisema. "Juzi tu. Kimechoka hivi?"

Kutoka upande wa mfereji sauti ya mwanamke mwingine ikaita mtu aje amshikie mtoto. Na ya pili, kutoka juu zaidi.

"Nakiete, zima," Elinaja aliita. "Zima sasa hivi."

Dai lilizimwa. Fundo likashika. Elinaja alibaki amekaa kwenye matope akimtazama jirani yake, naye hakuwa mtu wa kuweza kuficha. Akamweleza. Akamweleza sentensi ilivyokuwa na yeye alivyong'oa maneno yake kwa mkono wake.

Mama Kajiru alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo mimi nikimsikia mwanangu, nimeiba?"

Akamfunga Kajiru vizuri, akashuka kwenda zahanati bila kuaga.

*

"Tunaandika finyu," alisema Elinaja. Mchana wa siku ile hakuna aliyekula. "Tunarudisha fedha, tunarudisha bega, tunarudisha yote."

"Halafu?" Nakiete alikuwa amekunja mikono. "Mama, nisikilize. Wale watu wameiona. Nikiandika finyu, Jumatano wao wanaleta sentensi hii hii. Si ngumu, tumeipata kwa mchana mmoja. Na wao hawatakuja kufanya jaribio Kirangare. Itapita, na itafungua mafundo ya nchi nzima, na nikimfunga mtoto kwa mbeleko yangu mwenyewe nitakuwa mwizi mimi."

"Na ukiichukua wewe?"

"Nikiichukua mimi naweza kuwaruhusu. Nitawaruhusu wote."

"Mmoja mmoja?" Mrutu aliuliza kwa upole. "Ruhusa inaandikwa kwa jina, mwanangu. Aliyezaa jana kule Tabora utampataje kabla hajajifunga?"

Nakiete alikuwa na tabia tangu utotoni ya kuuma ndani ya shavu akizuia kulia, na mama yake aliliona shavu likiingia.

"Iko njia moja," Mrutu aliendelea. "Sipendi kuitaja, maana nimekuja hapa kumlinda mtoto wa kaka yangu. Jambo likithibitishwa kwamba watu walilijua tangu zamani, kwa maandishi, kwa majina na miaka, hakuna anayepewa. Kampuni haipewi. Lakini na Nakiete hapewi. Anabaki na kile alichokitengeneza mwenyewe tu."

"Tangu zamani," alisema Elinaja.

Aliinuka akaenda dirishani. Ulikuwa na miezi minane, alianza kusema, na Nakiete akamkatiza, "Najua, mama," kwa sababu hadithi hiyo aliimbiwa kama wimbo wa kumlaza. Alikuwa na miezi minane, mama yake analima, amembeba. Hakulia wala hakukohoa. Ila mgongo wa Elinaja ulisikia pumzi zinagonga haraka, na fupi, na akaliacha jembe pale lilipo akashuka mlima mzima kwa miguu, na mganga wa zahanati akasema angechelewa mpaka jioni mtoto asingepona.

"Hadithi hiyo ndiyo niliyoifuma," alisema Nakiete. "Ulidhani nilikuwa nafuma nini miaka miwili?"

"Sikudhani ni kitu," alisema Elinaja. "Nilidhani ni kulea tu."

Kisha Elinaja akasema jambo ambalo kila mtu mzima wa Kirangare analijua na hakuna aliyewahi kuliona kuwa elimu. Kwao, mtu akitaka kupanda masale, mimea ya mpaka, kuzunguka shamba lake, hapandi kwanza. Huwaita majirani watembee mpaka. Wanapita wote, na kila mmoja anasema: hapa maji yangu hupita, hapa mbuzi wangu huvuka, hapa tulimpitisha marehemu baba. Kila kinachotajwa kinaachiwa njia. Yanayobaki ndiyo yako, na masale ukishayapanda hapo hakuna atakayeyang'oa, kwa kuwa wote walikuwepo.

"Hili tumelipanda bila kuwaita," alisema. "Tuwaite."

Mrutu akauchukua mfuko wa karanga, akamsogezea shemeji yake wote bila kuombwa.

*

Walikuja Jumanne, wakakaa uani kwenye mikeka na mabenchi ya kanisani. Nakiete ndiye aliyesimama mbele. Aliwaambia alichotengeneza na dai lake lilifanya nini jana, na akaomba radhi. Kisha akauliza: "Mtoto akianza kuumwa, wewe unajuaje?"

Mwanzoni walitazamana. Ni swali la kuulizwa hilo? Lakini mmoja alipoanza, Mrutu alishindwa kuwafuata kwa kalamu.

"Mimi tumbo lake linanipiga kiunoni kama anakimbia."

"Mimi joto huja kwanza, halafu pumzi inakuwa ya vipande."

"Mama mkwe alinifundisha niache kutembea na nizuie pumzi yangu mwenyewe, ndipo nitasikia ya mtoto."

"Mama mkwe wako huyu huyu?"

"Huyu huyu. Ndilo jema alilonifanyia, mwandike."

"Taratibu," aliomba Mrutu. "Mwaka gani? Nahitaji mwaka."

"Mwaka ule wa nzige."

"Masijala haina mwaka wa nzige, mama."

"Basi wana hasara."

Mama Kajiru alifika wa mwisho. Kajiru alikuwa mgongoni, amepewa dawa, anahema vizuri. Hakukaa. Elinaja alihisi uso wake unawaka, akatazama chini.

"Nitasema," alisema Mama Kajiru. "Lakini mwandike na jina la mtoto, na mwandike kwamba jana nilimsikia kabla sijadondoshewa." Akasema. Alipomaliza akamgeukia Elinaja. "Na wewe Mama Nakiete ulimdaka vizuri. Kwa umri wako sikutegemea."

Palikuwa na kicheko, na Elinaja aliweza kuinua uso.

Waliokuwa na la kusema walikuwa ishirini na wawili. Elinaja aliongeza lake, wa ishirini na tatu.

Usiku haukuwa umeingia Mrutu alipokuwa amelijenga ombi jipya, na sasa aliwaeleza kazi yake bila utani. Dai likisukumwa likaanguka, alisema, upana wake haukusaidii kitu. La nguvu ni lile linalosimama likisukumwa. Kwa hiyo unaandika kwa ngazi. Sentensi ile pana aliiacha juu kabisa, kama dai la kwanza, na chini yake akaambatisha maneno ya wanawake wote. "Hii tunaipeleka ikataliwe. Ikikataliwa kwa ushahidi huu, imekataliwa kwa kila mtu." Dai la pili likasema kitambaa chenyewe: nyuzi zinazohesabu pumzi na kumwashiria mbebaji. Hapo hakusema ngapi, wala za nini, wala bega gani. La tatu, likiliegemea la pili, ufumaji wa Nakiete. La nne, kubana mara mbili. Likivunjwa la juu, la chini yake linabaki limesimama.

"Na mashine isiyo kitambaa?" aliuliza Nakiete. "Bangili, mkanda?"

"Hizo tumeziacha nje. Ili kuzikamata ningehitaji maneno ambayo yangewakamata na akina mama."

*

Jumatano, robo saa kabla ya saa sita, ombi lilikuwa kwenye kioo na kidole cha Nakiete kilikuwa juu yake.

"Mama," alisema. "Ukiweka jina lako pale, nusu ya kazi yangu imeondoka. Unajua?"

"Najua."

"Miaka miwili."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa napitisha chai."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Elinaja alikuwa na jibu. Lilikuwa limemjaa kifuani tangu juzi, na majibu yake mengine yote kwa mtoto huyu alishayatoa bila kuombwa: vaa sweta, usipande boda ya yule kijana, kula. Hili alilishikilia. "Sikuambii," alisema. "Nikikuambia utafanya kwa ajili yangu, na ukija kujuta utakuwa peke yako."

Mrutu alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Nje kuku waligombana wakaacha.

Nakiete alipeleka ombi.

Saa sita Masijala ilianza kusoma. Sauti yake ilikuwa ya kike, safi, isiyo na haraka. Ilitaja namba ya ombi na jina la Nakiete.

"Dai la kwanza. Limekataliwa. Jambo hili linajulikana tangu mwaka aliozaliwa mwombaji mwenyewe, na kabla ya hapo, kwa ushahidi wa Elinaja Kangalu wa Kirangare, mkulima wa tangawizi, elimu ya msingi, na wenzake ishirini na wawili. Halitasajiliwa kwa jina la mtu yeyote."

Elinaja aliishika meza.

"Dai la pili. Limekubaliwa. Dai la tatu. Limekubaliwa. Dai la nne. Limekubaliwa."

Ombi lililofuata lilikuwa la kampuni, na lilikuwa na sentensi moja tu. Sauti haikuisoma hata ikaisha. Rejea uamuzi uliotangulia, ilisema, ikaenda kwa mtu mwingine mwenye pampu.

Mrutu alicheka mpaka akapaliwa na karanga, na wakampiga mgongoni. Kabla hajapona vizuri simu ya Nakiete iliita. Alikuwa yule mwanamume wa viatu safi, na alikuwa na adabu kama siku ile ya viazi. Alimpongeza. Akampa pole kwamba hakujifungia eneo lote, maana sasa kampuni yake itatengeneza bangili ya kusikiliza pumzi, iko nje ya dai lake, na kufikia mvua za masika itakuwa madukani.

"Tengenezeni," alisema Nakiete. "Na mama akiisikia pumzi mwenyewe kabla ya bangili, msimsumbue." Akakata.

Elinaja alimtazama. "Umemjibu vizuri, lakini umeniogopesha. Watu wakubwa hao."

"Ndiyo, mama."

"Umekasirika na mimi?"

Nakiete alifikiri, kwa sababu hakuwa mtoto wa kusema uongo kwa ajili ya kufurahisha mtu. "Kidogo."

"Mpaka lini?"

"Labda mpaka jioni."

"Basi nipike makande," alisema Elinaja, akainuka.

Alikuwa hajafika mlangoni aliposikia nyuma yake ile sauti safi ya Masijala ikianza upya. Nakiete alikuwa ameurudisha uamuzi mpaka mwanzo. Alifungua dirisha lote, akaongeza sauti mpaka mwisho ili na waliokuwa wakipita njiani wasikie, na pale penye jina la mama yake akausimamisha, akaurudisha nyuma, akausikiliza tena.